Aliyepima upepo juu ya Ziwa Victoria

Sisi watu wa pwani tunazijua kaskazi na kusi tangu utotoni. Lakini je, huko juu, kilomita 20 hivi kutoka vichwani mwetu, upepo unaelekea wapi? Mimi sikujua mpaka niliposoma habari za Arthur Berson.

Berson alizaliwa mwaka 1859 Galicia, sehemu ambayo leo ni Poland, akawa mtaalamu wa hali ya hewa Ujerumani. Hakuwa mtu wa kukaa mezani tu. Julai 31, 1901, yeye na Reinhard Süring walipaa kwa puto kutoka Berlin, ndani ya kikapu kisicho na paa, wakafika takriban mita 10,800. Ingawa walikuwa na oksijeni, walizimia wote wawili. Kilichowaokoa ni kuwa Berson aliwahi kuvuta kamba ya kuteremsha puto.

Mwaka 1908 alikuja Afrika Mashariki, akarusha maputo yenye vipimo juu ya Ziwa Victoria. Wakati huo wataalamu walikwisha kata shauri. Volkano ya Krakatau, Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, vumbi lake liliizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi. Basi wakasema upepo wa juu ya ikweta hutoka mashariki. Maputo ya Berson yakaonesha kinyume: upepo ulitoka magharibi!

Nani mkweli? Berson alifariki mwaka 1942, jibu halijapatikana. Lilikuja miaka ya 1960 mwanzoni, kupitia Richard Reed wa Marekani na Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kwa kazi yake. Upepo ule hugeuka! Huvuma kutoka mashariki kwa mwaka na zaidi, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Baadaye, mwaka 1968, Lindzen na Holton walieleza kuwa unasukumwa na mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka chini.

Kumbe mashahidi wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa kudhani kuwa kilichoonekana msimu mmoja ndiyo hali ya siku zote. Nasi ambao mababu zetu walisafiri kwa kungoja upepo ugeuke, tulistahiki kulielewa hilo mapema kuliko wengine. Tuwafundishe wanetu habari hii, kwani anga iliyotoa ushahidi ule ni yetu. Tena tusiwe wepesi wa kumwita mwenzetu mwongo, eti kwa sababu tu aliona tofauti na tulivyoona sisi.