Adrian Willaert na kwaya mbili za Venice

Huko Yanonge, kilomita kama 60 chini ya Kisangani, mto ni mpana kiasi kwamba aliye ng'ambo hasikiki hata apige kelele namna gani. Walokele walilitatua jambo hilo kwa ngoma ya gogo. Ngoma hubeba toni peke yake, na maneno mengi yana toni zilezile. Kwa hiyo mpigaji hulirefusha neno moja likawa fungu zima la maneno, ili msikilizaji wa mbali asichanganyikiwe. Umbali umeipa lugha ya ngoma sarufi yake. Nilimkumbuka mpigaji huyo niliposoma maisha ya Adrian Willaert.

Willaert alizaliwa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, mnamo 1490 hivi. Alikwenda Paris kusomea sheria, lakini akaishia kuwa mwanafunzi wa Jean Mouton, mtunzi wa ikulu ya mfalme wa Ufaransa. Kisha akashuka Italia. Inasimuliwa kwamba alipofika Roma aliwakuta waimbaji wa Papa wakiuimba moteti wake kwa furaha, wakidhani ni wa Josquin, mtunzi maarufu kuliko wote. Alipowaambia kwamba ni wake, hawakutaka kuuimba tena. (Wasomaji wa fakulte ya lugha hawatashangaa: nasi twajua maandishi yanavyopanda na kushuka thamani kwa jina lililo juu yake.)

Alitumikia ukoo wa d'Este, watawala wa Ferrara, kwa miaka mingi. Tarehe 12 Desemba 1527 akateuliwa kuongoza muziki katika kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, kazi aliyoishika hadi kufa.

Hapa ndipo hadithi inayorudiwa mara nyingi huanza. Kanisa lile lina roshani mbili zinazotazamana, kila moja na kinanda chake. Basi, wanasema, Willaert aliziona, akaweka kwaya huku na kwaya kule, na muziki wa kwaya nyingi ukazaliwa. Ni hadithi nzuri, lakini haisimami. Kabla yake, Ruffino wa Assisi alikuwa amekwisha kutunga zaburi za kwaya mbili kule Padua. Tena, watafiti waliochimbua kumbukumbu za kanisa lenyewe wanaonyesha kwamba zaburi hizo ziliimbwa mara nyingi na waimbaji wanne upande mmoja na waliobaki wote upande wa pili, wala si lazima katika roshani zile.

Sasa Willaert abaki na nini? Mimi naona anabaki na kilicho kikubwa zaidi. Zaburi zake za kwaya mbili zilichapishwa mwaka 1550, na miaka minane baadaye mwanafunzi wake Gioseffo Zarlino alieleza kanuni yake katika kitabu cha nadharia. Kwa kuwa kwaya husimama mbalimbali, alisema, kila moja iwe na upatanifu kamili peke yake, kana kwamba nyingine haipo. Zinapoimba pamoja, besi zao zikutane hasa katika sauti moja au oktava. Kwa nini besi? Kwa sababu aliyekaa karibu na kwaya moja huisikia besi ya kwaya hiyo kuliko ile ya mbali. Ikiwa msingi wa upatanifu uko kwa wenzao tu, yeye atasikia muziki usio na sakafu. Mtunzi anamfikiria mtu wa pembeni, asiyesikia yote. Kanuni hiyo Zarlino alimpa mwalimu wake sifa ya kuigundua.

Willaert alikuwa mwalimu kwelikweli. Cipriano de Rore alipita mikononi mwake, na Andrea Gabrieli huhesabiwa miongoni mwa wanafunzi wake. Mpwa wa Andrea, Giovanni, ndiye aliyekuja kuzipanga kwaya tatu na nne pamoja na tarumbeta.

Uzeeni jongo lilimsumbua, na Flanders ikamvuta. Alikwenda huko 1542, akaenda tena 1556 na kukawia hadi mwaka uliofuata. Mara zote mbili alirudi Venice. Alifariki huko tarehe 7 Desemba 1562; Rore akashika nafasi yake, na mwaka 1565 ikamwangukia Zarlino.