Bayard Rustin

Bayard Rustin (17 Machi 1912 – 24 Agosti 1987) alikuwa mwanaharakati wa Marekani aliyepinga vita na kutetea haki za kiraia za Wamarekani Weusi. Anajulikana hasa kama mratibu wa Maandamano ya Washington ya mwaka 1963. Mwaka mmoja kabla ya hapo alifanya kazi Tanganyika.

Maisha ya awali

Alizaliwa West Chester, Pennsylvania, akalelewa na babu na bibi yake. Bibi yake, Julia, alimfundisha imani ya Wakweka, wanaokataa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikataa kuandikishwa, akafungwa kuanzia 1944 hadi 1946. Gerezani alipinga kutenganishwa kwa wafungwa kwa rangi zao.

Mwaka 1953 alikamatwa California kwa sababu ya mahusiano ya jinsia moja, akapoteza kazi katika shirika la wapenda amani alilolitumikia. Tangu hapo mara nyingi alifanya kazi nyuma ya pazia. Mwaka 1956 alikwenda Montgomery, Alabama, kumshauri Martin Luther King Jr. kuhusu mbinu za Gandhi.

Tanganyika

Mwanzoni mwa 1962 wapinga vita wa nchi mbalimbali waliunda Brigedi ya Amani ya Dunia karibu na Beirut. Rustin, Bill Sutherland na kasisi Michael Scott walikwenda Dar es Salaam, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Walipanga matembezi ya amani kutoka Tanganyika kuvuka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ili kuunga mkono chama cha UNIP cha Kenneth Kaunda. Matembezi hayakufanyika, kwa kuwa UNIP iliamua kushiriki uchaguzi wa mwaka huo. Nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 1964 kwa jina la Zambia.

Washington na Vietnam

Tarehe 28 Agosti 1963 watu takriban 250,000 walikusanyika Washington kudai ajira na uhuru.

Vita vya Vietnam vilimtenga na wenzake wa zamani. Rustin aliamini kwamba Weusi maskini walihitaji msaada wa serikali ya Rais Lyndon Johnson na vyama vya wafanyakazi, hivyo hakutaka harakati za haki za kiraia ziungane na zile za kupinga vita. King alipoilaumu vita hiyo hadharani mwaka 1967, Rustin hakukubaliana naye. Wapinga vita wengi walimwona amewasaliti.

Alifariki New York. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais baada ya kifo chake.