Mjue Dkt. Alice Hamilton, Mtetezi wa Afya za Wafanyakazi

Tukizungumza habari za watu mashuhuri, mara nyingi huwa tunataja wanasiasa na wapigania uhuru. Safari hii nimeona niwaletee mtu wa aina nyingine, daktari mwanamke wa Kimarekani ambaye wengi wetu hatukulisikia jina lake shuleni. Mimi nasoma uhandisi, na kwa maoni yangu wahandisi tunapaswa kumjua mama huyu hata kuliko wanaosoma udaktari. Sumu nyingi alizozifuatilia zilianzia kwenye michoro na mitambo ya watu wa fani yetu.

Alice Hamilton alizaliwa tarehe 27 Februari 1869 mjini New York, akakulia Fort Wayne, katika jimbo la Indiana. Nyumbani walikuwa na uwezo, na watoto walifundishwa na wazazi wao wenyewe badala ya kupelekwa shule. Dada yake mkubwa, Edith, ndiye yule aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa hadithi za Wagiriki wa kale. Biashara ya baba yao ya kuuza vyakula kwa jumla ilipoanguka, mabinti wale wakaona wazi kwamba kila mmoja itabidi ajitegemee. Alice akachagua udaktari, kwa hesabu kwamba daktari anaweza kwenda popote duniani na bado akawa na faida kwa watu.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Miaka miwili baadaye akaenda Ujerumani pamoja na Edith kuongeza elimu, katika vyuo vya Leipzig na Munich. Huko wanawake hawakuwa wakipokelewa kama wanafunzi kamili. Waliruhusiwa kusikiliza mihadhara tu, tena kwa sharti wakae kimya wasionekane sana. Sisi tuliowahi kusumbuliwa na karatasi za uhamiaji tunaweza kucheka kidogo hapo, maana kumbe kuna waliosumbuliwa zaidi. Aliporudi Marekani akapitia Johns Hopkins, na mwaka 1897 akapata kazi ya kufundisha patholojia katika chuo cha udaktari cha wanawake mjini Chicago.

Chicago ndiko maisha yake yalikogeukia. Alihamia Hull House, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Waliokaa pale walikuwa watu wenye elimu walioamua kuishi na majirani wale na kuwasaidia kwa masomo, matibabu na kutetea haki zao. Alice alikaa pale zaidi ya miaka ishirini. Mchana alikuwa maabara, na akirudi anawahudumia watoto wachanga wa jirani katika kliniki ndogo. Majirani hao walikuwa Waitalia, Wapolandi, Wabulgaria na wengine wengi, na waume zao ndio waliokuwa wakifanya kazi ambazo wenyeji hawazitaki. Huko ndiko alikosikia habari za wanaume wenye nguvu wanaoingia kiwandani wazima, na baada ya miezi michache wanarudi nyumbani mikono imelegea.

Mwaka 1902 homa ya matumbo iliukumba mji wa Chicago, na mtaa wao ukaathirika vibaya sana. Alice alichunguza akaona nzi ndio wanaobeba ugonjwa kutoka vyooni. Akaandika, akasifiwa sana. Baadaye ikagundulika kwamba maji machafu yalikuwa yameingia kwenye mabomba ya maji ya kunywa, na wakubwa wa idara ya afya walilificha jambo hilo. Sifa zile zilimwelemea, na yeye mwenyewe aliisimulia habari hiyo bila kujitetea. Ukisoma maisha yake baada ya hapo utaona hakukubali tena jibu rahisi bila kufuata ushahidi hadi mwisho wake.

Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1910, jimbo la Illinois lilipoamua kuchunguza magonjwa yanayoletwa na kazi, na yeye akawekwa kuongoza uchunguzi huo. Ulaya mambo hayo yalikuwa yameshachunguzwa, lakini Marekani wenye viwanda walikuwa wakijigamba kwamba viwanda vyao ni bora na matatizo kama hayo hayapo. Yeye mwenyewe alijitwisha sehemu ya risasi. Nasema risasi kwa maana ya ile metali, siyo ya bunduki. Wakati huo ilikuwa kila mahali, katika rangi nyeupe ya kupaka nyumba, katika betri, katika mabomba, hata katika unga uliopakwa kwenye mabafu ya chuma ili yang'ae.

Ugumu ulikuwa kwamba hapakuwa na takwimu. Wenye viwanda walisema hakuna mgonjwa, na wafanyakazi waliogopa kufukuzwa. Basi mama huyu akaingia mitaani. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akawauliza wauza dawa na mapadri, akapanda ngazi za nyumba za wahamiaji kuongea na wake zao jikoni, kwa kuwa aligundua kwamba nyumbani mtu husema asiyoyasema mbele ya msimamizi wake. Aliangalia fizi kutafuta ule mstari wa bluu iliyoiva unaoachwa na risasi. Aliuliza kuhusu msokoto wa tumbo na viganja vinavyoning'inia visivyoweza kuinuka. Mwishowe alipata kazi za viwandani zaidi ya sabini zinazotumia risasi, na wagonjwa zaidi ya mia tano ambao sumu yao aliweza kuithibitisha.

Wasimamizi walikuwa na wimbo mmoja: wafanyakazi wanaumwa kwa sababu ni wachafu, hawanawi mikono kabla ya kula. Yeye akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya sumu inaingia kwa pumzi, kwa vumbi na moshi. Hoja hii ilikuwa nzito kwa sababu inahamisha wajibu. Kama tatizo ni mikono, mlaumu mfanyakazi. Kama tatizo ni vumbi la hewani, basi mwenye kiwanda lazima afunike mashine, aweke feni za kuvuta vumbi, aloweshe sakafu kabla ya kufagia. Hiyo ni kazi ya mhandisi, na ni gharama. Mwaka 1911 Illinois ikapitisha sheria ya kuwakinga wafanyakazi wa namna hiyo, ikiwa ni pamoja na kuwapima afya kila mara.

Namna yake ya kuwakabili wakubwa nayo ina mafunzo. Alipomwambia Edward Cornish, makamu wa rais wa kampuni ya National Lead, kwamba watu wake wanadhurika, yule bwana alikataa katakata, akataka ushahidi. Alice akarudi na kumbukumbu za wagonjwa 22. Cornish alikuwa muungwana, akakubali, akaanza kurekebisha viwanda vyake na kuweka madaktari wa kuwapima wafanyakazi. Alice aliamini kwamba matajiri wengi hawakuwa wakatili, ila hawakuwahi kuangalia. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuona kwamba wema wa tajiri mmoja hautoshi. Tajiri mwema akigharamia usalama peke yake, mshindani wake asiyejali anamshinda kwa bei. Ndiyo maana akadai sheria inayowabana wote sawasawa.

Kuanzia mwaka 1911 alifanya kazi hiyo kwa serikali ya shirikisho, tena kwa masharti ya ajabu. Hakuwa na mshahara. Akimaliza ripoti, ndipo serikali inainunua. Wala hakuwa na mamlaka ya kuingia kiwandani kwa nguvu, alitegemea adabu na ujasiri wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifuatilia viwanda vya baruti kwa kutafuta moshi wa rangi ya machungwa angani na vibarua waliobadilika rangi ya ngozi kuwa manjano. Mwaka 1918 alikwenda Bedford, Indiana, kwa wachonga mawe waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Vidole vyao vilikuwa vikifa ganzi na kuwa vyeupe kila baridi inapoingia, kwa sababu mtetemo unaharibu mishipa. Leo mtetemo wa mashine za mkononi unafundishwa katika vitabu vyetu kama jambo la kawaida, lakini lazima kuna mtu wa kwanza aliyewauliza wachonga mawe wale vidole vyao vina nini.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kikataka mtaalamu wa magonjwa ya kazini, na Marekani nzima hakukuwa na wa kumfikia. Wakamchukua, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, wakati shule yao ya udaktari ilikuwa bado haipokei wanafunzi wa kike. Lakini sikilizeni masharti: asikanyage klabu ya wahadhiri, asidai tiketi za mpira, asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alipostaafu mwaka 1935 alikuwa bado profesa msaidizi, hawakuwahi kumpandisha. Yeye aliomba afundishe nusu mwaka tu, nusu nyingine aendelee na viwanda vyake.

Sasa nije kwenye kisa ambacho mimi kama mhandisi hakinitoki akilini. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba kiwanja cha risasi kikichanganywa kwenye petroli, injini haigongi. Ilikuwa rahisi, ikawa na faida kubwa. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa katika mtambo wa Standard Oil huko New Jersey uliokuwa ukitengeneza dawa hiyo, baada ya kuchanganyikiwa akili, na wengine zaidi ya thelathini wakalazwa. Midgley akaitisha waandishi wa habari akajimwagia dawa hiyo mikononi kuonyesha haina neno, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa risasi siku za nyuma. Mei 1925 serikali iliitisha mkutano Washington. Alice Hamilton akasimama akaonya kwamba mkikubali hili, risasi haitabaki kiwandani, itatoka barabarani na kumfikia kila mtu, na akataka watafute njia nyingine.

Alishindwa. Petroli yenye risasi ikasambaa dunia nzima. Marekani ilikuja kuipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Maana yake ni kwamba sisi tuliokulia Dar, Nairobi au Kampala tumevuta utotoni hewa ambayo bibi huyu aliionya dunia wazazi wetu hawajazaliwa.

Hakuwa malaika asiyekosea. Kwa miaka mingi alipinga marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake haki sawa, akihofia yatafuta sheria zinazowakinga wanawake viwandani, na wanawake wenzake wakamlaumu. Mwaka 1952 akabadilisha msimamo wake hadharani, akiwa na zaidi ya miaka themanini. Hakuolewa. Uzeeni aliishi na ndugu zake huko Hadlyme, Connecticut, na mwaka 1943 akatoa kitabu cha maisha yake, Exploring the Dangerous Trades. Alifariki tarehe 22 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba 1970, Rais Nixon alitia saini sheria ya usalama na afya kazini kwa Marekani nzima, ambayo ndani yake inampa mkaguzi ile haki ya kuingia kiwandani ambayo yeye hakuwa nayo.

Na kwetu je? Tanzania ilipitisha sheria ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, Kenya mwaka 2007. Karatasi tunazo. Lakini mwaka huohuo wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi jirani na kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, na hadi kilipofungwa mwaka 2014 wafanyakazi na watoto wa kijiji walikuwa wameshaingiwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikaendelea kwenye rufaa. Ni sumu ileile ya Chicago, ya mwaka 1910, na dawa yake ni ileile pia: funika vumbi, vuta moshi, pima damu za watu.

Wengi wetu hapa tunasoma mchana na usiku tunabeba boksi. Tunasafisha kwa madawa ambayo hatujasoma maandishi yake, tunainua wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee mpaka migongo inauma, na tunanyamaza kwa kuogopa viza. Wahamiaji wa Hull House walinyamaza vilevile. Uliza hiyo dawa ni nini. Uliza glavu ziko wapi. Chuo chochote hapa kina ofisi ya usalama wa maabara, na kuuliza siyo ukorofi. Na wewe mwenzangu utakayerudi nyumbani ukawa injinia wa kiwanda, siku ya kwanza usiishie ofisini kwa meneja. Shuka chini kwenye mashine, kisha uwaulize mafundi wanalala vipi usiku na wanakohoa tangu lini.

Nawatakia mitihani mema.