Mzika Wafalme Aliyeufunza Ulimwengu Kukonda

Mzozo wa kupunguza uzani hauishi katika vyumba vya walimu wala katika mabweni ya wanafunzi. Kundi moja hushikilia kwamba atakaye kupungua sharti aache wanga: ugali, mkate, viazi na sukari. Kundi la pili hudai kuwa wanga hauna hatia yoyote, na kwamba dawa ni kuhesabu kalori tu. Kila upande huleta mashahidi wake, na aghalabu shahidi mkubwa wa kundi la kwanza ni Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita. Yafaa tuyatazame maisha yake kwa makini kabla ya kuutumia ushahidi wake.

William Banting aliishi London, na kazi ya ukoo wake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi ya wakuu. Kampuni yao ndiyo iliyoshughulikia mazishi ya Mfalme George wa Tatu mwaka 1820, ya Mfalme George wa Nne mwaka 1830, ya Mtawala wa Wellington mwaka 1852, na ya Albert, mumewe Malkia Victoria, mwaka 1861. Alikuwa mtu wa heshima na mali, aliyezoea kupima miili ya wengine. Mwili wake mwenyewe ndio uliomshinda.

Kufikia Agosti 1862, akiwa na umri wa miaka 65, alikuwa na ratili 202, yaani takriban kilo 92, ilhali kimo chake hakikuzidi sentimita 165. Hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume ili kuyanusuru magoti yake. Barabarani watu walimtazama na kumcheka, hata akaepuka mikusanyiko. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na huyu aliyewazika wafalme aliijua adhabu yake angali hai.

Wala isidhaniwe kuwa alikuwa mvivu. Kwa miaka mingi aliwaendea matabibu mashuhuri. Aliposhauriwa afanye mazoezi, alipiga makasia mtoni kila alfajiri. Misuli ikapata nguvu, lakini njaa ikazidi na uzani ukapanda. Alipanda farasi, akaoga baharini, akameza madawa, akaingia mara nyingi katika bafu za mvuke za Kituruki. Yote hayo hayakumfaa kitu.

Nusura ilitoka mahali asipopatarajia. Masikio yake yalipoanza kuziba, alimwendea William Harvey, daktari wa upasuaji aliyebobea katika maradhi ya masikio. Harvey alikuwa amehudhuria mihadhara ya Claude Bernard mjini Paris kuhusu ini, sukari na ugonjwa wa kisukari, akaondoka na wazo kwamba vyakula vya sukari na wanga huenda ndivyo vinavyowanenepesha watu wa aina fulani. Alimkataza Banting mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akamruhusu nyama, samaki, mboga, matunda kidogo, chai isiyo maziwa wala sukari, na mvinyo mwekundu kwa kiasi ambacho daktari wa leo asingekiidhinisha.

Mwaka mmoja na siku chache baadaye, Banting alikuwa amepoteza ratili 46, takriban kilo 21. Alishuka ngazi kama watu wengine, na masikio yakafunguka. Mwaka huo wa 1863 alichapisha kijitabu kwa gharama yake mwenyewe, akigawa matoleo ya kwanza bure. Kilipohitajiwa na watu wengi mno kikaanza kuuzwa, na faida akaitoa kwa misaada. Matabibu wengi walimbeza: si msomi wa tiba, walisema, na nyama nyingi kiasi hicho ni hatari. Yeye hakutetereka. Aliishi hadi mwaka 1878, akafa na miaka 81.

Mimi ni mwanaisimu, na kinachonivutia zaidi ni yaliyolipata jina lake. Kwa kuwa jina Banting huishia kama vitenzi vya Kiingereza katika hali ya kuendelea, Waingereza walilikata mwisho wakapata kitenzi kipya chenye maana ya kujinyima chakula ili ukonde. Waswidi wakakichukua, na hadi leo kitenzi chao cha kawaida cha kupunguza uzani ni banta. Ni nadra mtu kuishi ndani ya lugha isiyokuwa yake kwa namna hiyo.

Je, ushahidi wake wathibitisha kwamba wanga ndio adui? Hapa ndipo msomi hana budi kutulia. Chakula cha Banting kilipimwa kwa wakia, mlo kwa mlo. Alipoacha mkate, aliacha pia siagi iliyopakwa juu yake. Alipoacha bia na vitobosha, aliacha nishati nyingi mno bila kuihesabu. Hakuweza kuihesabu, kwani ni baadaye ambapo Mmarekani Wilbur Atwater alionyesha kwamba gramu ya wanga au ya protini hutoa takriban kalori 4, na ya mafuta kalori 9. Ni mwaka 1918 ambapo daktari Lulu Hunt Peters, naye akiwa amewahi kunenepa, aliwafundisha Wamarekani kuhesabu kalori kwa kitabu kilichopendwa sana. Kwa hivyo makundi yote mawili yaweza kumdai Banting.

Utafiti wa siku zetu wavunja makali ya pande zote. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa Wamarekani 811 waliopunguziwa kalori kwa miaka miwili, wengine wakila wanga mwingi na wengine kidogo. Walipungua takriban sawa. Mwaka 2018 ukachapishwa mwingine, wa watu 609 kwa miezi 12: waliopunguza mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Lakini ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na hata walioongezeka.

Tunajifunza nini basi? Kwanza, mtu mmoja aliyepona ni shahidi wa kusikilizwa, lakini si sheria ya kuwafunga wote. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya mawili hajaanza kusoma sayansi. Pili, kukataa ushahidi kwa sababu tu mwenye kuutoa hana shahada ni kosa, nalo ni kosa la wasomi. Tatu, na hili nawaambia walimu hasa, mzee yule aliyepiga makasia alfajiri huku akizidi kunenepa atukumbushe kwamba unene si hati ya uvivu. Mtoto mnene anayechekwa na darasa zima huenda anajitahidi kuliko wote wanaomcheka. Tumlinde kwanza, kisha tujadili ugali wake.