Alidina Visram, Tajiri wa Maduka ya Bara

Mjini Mombasa, katika bustani ya Treasury Square, ipo sanamu ya mzee wa Kihindi ambayo watu huipita kila siku wakienda katika shughuli zao. Ukiwauliza ni nani huyo, wengi watakwambia ni Mhindi wa zamani, basi. Waliosoma katika skuli ya sekondari ya Allidina Visram hulijua jina, lakini hata wao si wengi waijuao habari yake. Nami naona yafaa isimuliwe tena. Maswali ambayo wakulima wetu wa bara wanauliza leo juu ya biashara na viwanda, mtu huyu alikabiliana nayo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mengine aliyajibu vizuri, na mengine aliyaacha yalivyo.

Alidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika nchi ya Kachi, magharibi ya India, katika jamaa ya Khoja Ismailia. Hakuwa mtoto wa tajiri. Mwaka 1863, akiwa na miaka 12 tu, alishuka Bagamoyo kutafuta riziki, kama walivyofanya Wahindi wengi wa zama hizo waliokuja kwa majahazi na pepo za kaskazi. Hapo alipata kazi kwa mfanyabiashara mkubwa wa mji, Sewa Haji Paroo, ambaye shughuli yake ilikuwa kuandaa misafara ya kwenda bara.

Msafara katika siku zile haukuwa jambo dogo. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32, begani au kichwani, kwa miezi kadhaa. Ndani ya mizigo mlikuwa na nguo, shanga, masango ya shaba na chumvi, na katika kurudi walileta pembe za ndovu, nta na asali. Kwa gharama hiyo ya kubeba, ni mali ya thamani kubwa tu iliyoweza kulipa safari. Mkulima wa mtama au ufuta aliyekaa mbali na pwani hakuwa na mnunuzi, hata shamba lake likistawi namna gani.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo Alidina Visram alikuwa amekwisha kuzijua njia zote za bara, naye akaishika biashara hiyo na kuipanua kuliko bwana wake wa zamani. Maduka yake yalikuwako Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji, yakavuka mpaka Kongo. Mwaka 1899 aliyahamishia makao yake makuu Mombasa, na si bure. Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na yeye alitambua mapema kuwa gari la moshi litaibadilisha hesabu yote ya mzigo na umbali. Kila palipojengwa stesheni alifungua duka, akawauzia vyakula wafanyakazi wa reli. Reli ilifika Kisumu, kando ya ziwa, Desemba 1901, lakini duka lake la Kampala lilikwisha funguliwa zamani. Baadaye akafika Jinja na Entebbe, na kaskazini mpaka Nimule na Gondokoro katika nchi ya Sudan ya Kusini ya leo.

Tusidhani kwamba ukubwa wa mtu huyu ulikuwa katika wingi wa maduka peke yake. Kilichokuwa kipya ni utaratibu. Alimchukua kijana kutoka kwao, akamfundisha kazi, akampa bidhaa kwa mkopo na kumweka katika kituo cha mbali. Kijana huyo aliuza nguo, sukari na mafuta ya taa, na papo hapo akanunua mazao ya wenyeji, hata yakiwa kidogo ya kujaza pakacha moja. Mwenye ngozi 1 au kibaba cha ufuta alipata mnunuzi karibu na nyumbani kwake, akalipwa siku ile ile. Katika vituo ambavyo havikuwa na benki, duka la Alidina lilifanya kazi ya benki, na wasafiri na maofisa wa serikali walipata rupia zao hapo kwa hati za karatasi tu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Biashara ya Alidina Visram ilisimama juu ya jambo hilo hilo, daftari na uaminifu wa anayeliandika.

Kisha, kutoka mwaka 1904 hivi, akaingia katika kilimo na viwanda. Alikuwa na mashamba makubwa aliyojaribu humo miwa, mpira, pamba na mazao mengine. Alianzisha kinu cha kukamua mafuta Kisumu na vingine pwani, kiwanda cha sabuni Mombasa, viwanda vya soda, karakana za fanicha Uganda, viwanda vya kupasua mbao Uganda na Nyeri, na mitambo ya kuchambua pamba Mombasa na Entebbe.

Huo uchambuzi wa pamba unafaa kuelezwa. Pamba inapotoka shambani, kiasi cha theluthi 2 ya uzito wake ni mbegu, na theluthi 1 tu ndiyo nyuzi zinazotakiwa na viwanda vya nguo vya ng'ambo. Anayesafirisha pamba ambayo haijachambuliwa hulipa nauli ya magunia 3 ili auze gunia 1. Akiichambua karibu na shamba, nauli hupungua, mbegu hubaki kukamuliwa mafuta, na mafuta huweza kuwa sabuni. Alidina Visram aliiona faida iliyokuwa ikimwagika njiani, akaweka mtambo wa kuikinga.

Nilipokwenda Kangeta, katika vilima vya Nyambene huko Meru, ndipo niliposhawishika kuandika habari hizi. Jina la mji huo linajulikana hata kwa watu wasioufahamu ulipo, kwa kuwa aina moja ya miraa inaitwa kangeta. Sitaingia hapa katika hoja za masheikh na madaktari juu ya jani hilo. Nasema juu ya biashara yake, na biashara hiyo ni ya ajabu. Jani hupoteza nguvu yake katika siku 2 hivi tangu kukatwa. Kwa hiyo huchumwa, hufungwa shurba kwa shurba, shurba 10 huitwa kilo ingawa hazikupimwa kwa mizani, huvishwa majani ya mgomba yasinyauke, na magari hutimka mbio kuelekea Nairobi kuiwahi ndege. Mtandao huo haukujengwa na serikali wala kampuni ya kigeni. Ulijengwa na Wameru wenyewe pamoja na wafanyabiashara wa Kisomali, kwa mkopo, simu na kuaminiana, kama ule wa Alidina.

Lakini wazee niliozungumza nao hawakuwa na furaha. Uholanzi iliifunga milango yake mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikasimamisha uagizaji kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022. Kila mara mlango ulipofungwa, mtu wa Kangeta hakuwa na ghala la kuwekea wala kinu cha kugeuzia jani lake kuwa kitu kingine. Waliniuliza kwa nini gari huja tupu na kuondoka limejaa kila siku, na hakuna kiwanda kilichobaki nyuma. Waligusia pia makadamia, ambayo hulimwa sana Meru na Embu. Humo nako sehemu kubwa ya uzito ni ganda. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makadamia yenye maganda ili yabanguliwe hapa nchini, kisha mwishoni mwa mwaka 2023 marufuku hiyo ikalegezwa kwa muda. Ni hesabu ile ile ya pamba, na bado tunabishana nayo.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Katika mtandao wa Alidina Visram, makarani walikuwa Wahindi wenzake. Mwafrika alikuwa mpagazi, mkulima, mteja au kibarua, wala daftari halikuwa mkononi mwake. Ukoloni uliikaza hali hiyo kwa sheria. Mkulima wa Meru hakuruhusiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata mwaka 1948 ilitungwa sheria ya kudhibiti mkopo kwa Waafrika. Mtu asiyeweza kukopa hawezi kufungua duka, licha ya kiwanda. Kosa hilo si la Alidina peke yake, lakini utajiri wake ulikua ndani ya uzio huo.

Alifariki tarehe 30 Juni 1916, kwa homa aliyoipata katika safari ya biashara huko Kongo. Alikuwa na miaka 65, naye angali akiyakagua maduka yake mwenyewe. Mwanawe, Abdulrasul, ndiye aliyeijenga ile skuli ya Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na katika miaka iliyofuata biashara yote ikavunjika. Maduka yaliyotapakaa kutoka pwani mpaka Kongo yalitegemea kichwa cha mtu mmoja na mwanawe, na wawili hao walipoondoka hapakuwa na wa kuyashika.

Basi nikiwafikiria wale wazee wa Kangeta, naona wanazo tayari sehemu mbili za kazi ya Alidina Visram: njia ya kufikisha mali sokoni, na uaminifu wa kukopeshana. Iliyobaki ni mtambo wa karibu na shamba, na chama au kampuni yenye daftari ambalo wanachama wote wanaweza kulisoma, litakalodumu baada ya waanzilishi wake kufa. Hiyo ya pili ndiyo iliyomshinda hata tajiri huyo, na kwa maoni yangu ndiyo wanayopaswa kuianza mapema, kabla mlango mwingine haujafungwa.