Mustafa Kemal Atatürk na Herufi 29 za Kituruki

Mustafa alizaliwa mwaka wa 1881 katika mji wa Salonika, uliokuwa chini ya dola ya Uthmaniya na ambao leo umo Ugiriki. Hata kabla hajaanza masomo, masomo yake yalikwisha kuzua ubishi nyumbani. Mama yake, Zübeyde, alitaka aanzie chuoni, kwa Kurani. Baba yake, Ali Rıza, aliipendelea shule ya Şemsi Efendi iliyofundisha kwa mbinu mpya. (Efendi ndilo neno lililofika Afrika Mashariki kupitia kwa askari wa Sudan likawa "afande".) Mtoto alianza kwa matakwa ya mama, kisha baada ya siku chache akahamishiwa alikotaka baba. Baadaye, katika shule ya kijeshi, mwalimu wa hisabati alimwongezea jina Kemal, neno lenye asili moja na "kamili".

Ujemadari wake huko Gallipoli mwaka wa 1915, vita vya 1919 hadi 1922, na kuasisiwa kwa Jamhuri ya Uturuki tarehe 29 Oktoba 1923, yeye akiwa rais wa kwanza, ni mambo yanayofahamika sana. Kwa mwanafunzi wa lugha, mwaka wa 1928 una uzito zaidi.

Kwa karne nyingi Kituruki kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zilikuwa na alama chache mno kwa lugha yenye irabu nane. Oldu, yaani "alikuwa", na öldü, yaani "alikufa", yaliandikwa namna moja. Hivyo, msomaji angeweza kukutana na habari za Mehmet asijue kama amepata cheo cha upasha au ni Mehmet Pasha aliyefariki! Sensa ya mwaka wa 1927 ilionyesha kwamba takriban mtu 1 tu kati ya 10 ndiye aliyejua kusoma. Hata hivyo, si haki kuzibebesha hati hizo lawama zote, kwani shule nazo zilikuwa chache.

Wataalamu wa tume ya lugha walipendekeza mageuzi ya miaka mitano au zaidi. Kemal alikataa, alitaka miezi mitatu. Usiku wa tarehe 9 Agosti 1928 alitangaza herufi mpya mbele ya umati mjini Istanbul, kisha akazuru miji, akasimama ubaoni chaki mkononi kama mwalimu wa chekechea. Sheria ilipitishwa tarehe 1 Novemba. Kuanzia Januari 1929 vitabu vilichapishwa kwa herufi mpya pekee, na watu wazima wakaanza kufundishwa katika Shule za Taifa.

Alfabeti hiyo ina konsonanti 21 na irabu 8. Mzungumzaji wa Kiswahili hutatizwa kwanza na C, ambayo hutamkwa kama j ya "jambo". Ç ni ch ya "chama" na Ş ni sh ya "shamba". Ğ haina sauti yake. Kwa kawaida hurefusha irabu iliyoitangulia. Ö hutamkwa midomo ikiviringwa kama ya o huku ulimi ukikaa mahali pa e. Ü vivyo hivyo, kwa midomo ya u na ulimi wa i. Ugumu hasa umo katika I isiyo na nukta, itamkwayo ulimi ukirudishwa nyuma bila kuviringa midomo. Nukta hiyo si pambo, ndiyo maana İ kubwa pia huibeba.

Mwaka wa 1934 Bunge lilimpa jina la ukoo Atatürk, "baba wa Waturuki". Alifariki Istanbul tarehe 10 Novemba 1938. Kufikia wakati huo, watoto walisoma magazeti ambayo babu zao hawakuyaweza, lakini hawakuweza kuzisoma barua za babu hao wala maandishi ya makaburini mwao. Hotuba yake mashuhuri, Nutuk, aliyoisoma kwa siku sita mwaka wa 1927, ilichapishwa kwanza kwa hati alizozifuta mwaka uliofuata. Ilibidi ihamishiwe katika herufi mpya, na kwa kuwa msamiati nao ulisafishwa maneno ya Kiarabu na Kiajemi kwa juhudi zake mwenyewe, katika miaka ya 1960 ilifasiriwa kutoka Kituruki chake hadi Kituruki cha wasomaji wa wakati huo.