Heinrich Schnee, gavana wa rupia za dhahabu ya Sekenke

Wanaozunguka Iramba na detekta wakitafuta pesa za Mjerumani wanamtafuta Heinrich Schnee bila kumjua. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1871, akasomea sheria, akafanya kazi Samoa, na mwaka 1912 akaletwa huku kuwa gavana. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walifunga bahari na pesa za Ulaya zikakatika. Basi mwaka 1916 serikali yake ikagonga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka Sekenke, hapa hapa kwetu Singida: rupia 15 yenye picha ya tembo, gramu 7 hivi.

Lakini nyingi zaidi zilikuwa heller za shaba, ambazo ndizo zilizotupa neno hela. Msikilizaji, ukiiseti detekta iache misumari, bado italia kwa shaba kama kwa dhahabu. Ukiuziwa sarafu ya njano yenye taji na 20, hiyo ni shaba, usitoe ng'ombe.

Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora. Schnee akaendelea na jeshi la Lettow-Vorbeck hadi liliposalimu amri Novemba 1918. Alifariki Berlin mwaka 1949.